Nikeli za Baba na Kifua cha Mama

Enzi zetu Mabibo, kabla ya soko kubwa na hosteli za wanafunzi, mtaa wetu ulikuwa na magari matatu, na mawili kati ya hayo yalikuwa juu ya mawe. La tatu lilikuwa la baba yangu. Nalisema hilo kwa majivuno ambayo mpaka leo hayajanitoka, ingawa nimefika umri wa kumiliki miwani mbili, moja ya kusomea na nyingine ya kuitafutia ile ya kwanza.

Lilikuwa gari dogo la milango minne, rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo. Baba aliuziwa na mkuu wake wa kazi, siku mkuu huyo alipostaafu na kurudi kwao Mwanza. Baba alikuwa karani wa masijala, mtu aliyeshinda kutwa akipanga mafaili ya watu wengine, na nadhani lile gari lilikuwa faili la kwanza lenye jina lake mwenyewe.

Kilicholitofautisha na magari mengine ni nikeli. Vijana wa leo, ambao magari yao yamezungushiwa plastiki nyeusi kama ndoo, watanisamehe nikieleza. Nikeli ilikuwa mikanda ya chuma kinachong'aa, upana wa vidole viwili, iliyopita juu ya milango, ikayazunguka madirisha, ikateremka mpaka kwenye buti. Kila Jumapili baada ya misa, Baba alivua shati la kanisani, akachota majivu laini jikoni na kuisugua mpaka jua likimulikia hapo unafumba macho.

Sie watoto tuliitumia kama kioo. Ukisogea karibu uso unarefuka kama wa punda. Ukirudi nyuma unakuwa bapa kama chapati. Kwenye kombolela, aliyetakiwa kufumba macho na kuhesabu aliegemea gari letu, akafumbua jicho moja, akatuona wote ndani ya nikeli tukikimbilia mafichoni. Ilichukua mwaka mzima kugundua kwa nini mdogo wangu Yusto alikuwa bingwa wa kutufumania. Na ole wako uiguse kwa vidole vyenye rangi ya ubuyu. Baba aliijua alama ya kidole cha kila mtoto wa mtaa, kazi ambayo siku hizi inafanywa na mashine uwanja wa ndege.

"Mtu anajulikana kwa kingo zake," alizoea kutuambia huku akisugua. Kola safi, kucha safi, pindo la sketi lililoshonwa. Na nikeli.

Shida ilikuja na masika. Maji yaliingia garini, na hakuna aliyeyaona yakiingia. Madirisha yamefungwa, milango imefungwa, raba zake nzima. Yalipita mahali fulani juu, yakashuka kimya ndani ya bodi, yakatokea chini ya kiti cha mbele cha abiria na kutulia hapo kwenye kapeti. Kiti hicho kilikuwa cha Mama.

Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, upande wa Ubungo, na kila asubuhi Baba alimshusha shuleni kabla ya kwenda ofisini. Alikuwa pia na pumu, tangu usichana wake kule Songea. Kiangazi kilimsahau. Masika ilimkumbuka. Na masika ile, gari lilipoanza kunuka kama shimo la viazi vilivyooza, ilimkumbuka kila siku. Akipanda gari mzima, akifika shuleni kifua kinapiga filimbi. Aliweka vipande viwili vya mbao sakafuni akawa anakanyaga juu yake ili viatu visilowe. Siku moja nilitumwa kuokota chaki iliyoanguka chini ya kiti, nikatoka na uyoga. Uyoga wa kweli, na kofia yake. Nilimpelekea Baba nikidhani atafurahi.

"Gari halivuji," alisema, akautupa uani. "Linatoa jasho. Joto la Dar hili."

Tusimcheke sana. Alikuwa ameshakwenda kwa fundi bodi wa Manzese, na fundi hakumzungusha. Alimwambia chini ya zile nikeli kuna matundu, klipu zimechomekwa humo, na gundi ya kiwandani iliyozuia maji imekauka na kukatika. Dawa ni kuzitoa zote, kusafisha, kuziba upya, ndipo uzirudishe.

"Zitarudi?" Baba aliuliza.

"Zingine zitarudi, mzee. Klipu zake ndiyo hazipo nchi hii. Ikivunjika imevunjika."

Baba alimshukuru na hakurudi tena kwa fundi yule, ingawa maneno ya fundi yalifika mtaani kabla ya gari.

Badala yake tuliziba kwa juu. Nasema "tuliziba" kwa sababu tulishiriki watoto wote. Kwanza tulidondoshea nta ya mshumaa kwenye ukingo wa nikeli. Jua la saa saba likaiyeyusha yote. Kisha tukapewa jojo, nne kila mmoja, amri ikiwa kutafuna mpaka utamu uishe na kumkabidhi. Hatukuwahi kuwa na mzazi mwema kiasi kile. Mvua ya kwanza ikazing'oa, zikabaki zinaning'inia kama meno ya maziwa. Mwisho ikawa lami. Tulibandua vipande barabarani mchana wa jua kali, Baba akaviyeyusha kwenye kopo la maziwa, akapaka nikeli juu na chini, pembeni na kwenye maungio, kwa umakini wa mtu anayepiga mihuri.

Na hapo gari likavuja maradufu. Leo nina shahada mbili, lakini sababu yake niliipata kwa mchonga vinyago.

Wiki ya pili baada ya ile lami, Mama alibanwa akiwa ndani ya gari. Hakufika shuleni. Baba aligeuza njia akampeleka hospitali, akalazwa siku tatu. Muuguzi aliuliza kama nyumbani kuna unyevu. Baba akajibu kwa sauti ya masijala kwamba nyumba yetu ni kavu kabisa, sakafu ya saruji, dari haina doa. Kila neno lilikuwa kweli. Mie nilikuwa nimesimama pale na chupa ya uji, nikatazama viatu vyangu.

Aliporudi nyumbani, Mama hakulalamika. Alisema tu, asubuhi ya Jumatatu, akiwa na mwavuli mkononi, "Nitatembea, Baba Neema." Neema ndiye mie.

"Utembee? Na gari lipo?"

"Nitatembea."

"Watu watasema nini?"

Mama alifungua mwavuli. Alitembea. Baba akamfuata nyuma kwa gari, taratibu, mpaka njia kuu, kama polisi anayesindikiza maandamano ya mtu mmoja. Kwa wiki mbili ikawa hivyo, yeye na mwavuli mbele, nikeli zikimeremeta nyuma, na kifua kikizidi kubana, kwa sababu sasa alilowa kwa mvua ya waziwazi. Usiku tulimsikia kupitia ukuta akivuta pumzi kama mtu anayeburuta kabati. Hakuna kati yetu aliyethubutu kumwambia Baba neno. Mama mwenyewe alilelewa asimuaibishe mume kwa kitu anachokipenda. Majirani walimheshimu mno. Nani angemwambia?

Mtani.

Sisi ni Wangoni. Nyumba ya tatu kutoka kwetu aliishi Mzee Issa, Mmwera wa Nachingwea aliyefundishwa kuchonga vinyago na mashemeji zake wa Kimakonde. Wamwera na Wangoni ni watani, na kwa wasomaji vijana ambao mtani wanayemjua ni timu ya mpira tu, nitaeleza. Babu zetu walipigana, wakachoka, wakaamua kutukanana milele bila kukasirikiana. Mtani anaweza kukwambia lolote. Anaweza kuchukua kuku wako. Msibani ndiye anayevaa matambara, anayemwigiza marehemu alivyokuwa akitembea, anayezuia jeneza mpaka apewe chochote, na mfiwa hana ruhusa ya kununa.

Jumamosi hiyo asubuhi, mvua imekatika kidogo, tulisikia kilio nje. Kilio chenyewe hasa, cha kutetemesha koo. Tukatoka mbio. Mzee Issa alikuwa ameketi kwenye tope mbele ya gari la Baba, gunia begani, kitambaa cheusi kichwani, kamba mkononi.

"Jamani, Mama Neema! Umetuachia nani, Mama Neema wee!"

Baba alitoka na kaptula na gazeti. "Mmwera, umekula nini leo?"

"Sijala. Ndiyo maana nimewahi. Msiba wa Mngoni usipowahi unakuta sufuria limefichwa uvunguni."

"Msiba wa nani?"

"Wa huyo." Akamnyooshea Mama, aliyekuwa mlangoni na ungo wa mchele.

"Mie mzima, shemeji," Mama akasema, midomo imeshaanza kumcheza.

"Marehemu haongei! Hata kufa nako hamjui, nyie mliotoroka kwa Wazulu mkaja kwetu kujiita mashujaa?"

Majirani walishaanza kujaa. Mzee Issa akainuka, akanyoosha kamba juu ya gari kutoka kioo cha mbele mpaka buti, akaanza kupima. "Mngoni, nisaidie hesabu, wewe ndiye karani. Jeneza tuliweke juu? Litakwaruza nikeli. Tuliingize kwa nyuma? Litagusa nikeli. Bora tumbebe begani mpaka makaburini, nikeli zipone. Mke atapatikana mwingine, klipu hazipo nchi hii!"

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Baba naye alicheka, ilibidi, utani hauna kesi. Na Mama alicheka kuliko wote. Alicheka hadi ungo ukainama, mchele ukamwagika barazani, na ndani ya kile kicheko kikaingia kikohozi. Kikohozi hakikutoka. Alishika nguzo ya baraza. Midomo ikabadilika rangi. Vicheko vya majirani vikafa kimoja kimoja, mpaka ikabaki sauti moja tu uwanja mzima, ya pumzi ikitafuta njia.

Dada mmoja jirani alimkalisha, mwingine akaleta maji ya moto, nikakimbilia vidonge. Ilichukua muda kutulia. Sijui ni muda gani, mtoto hapimi hayo kwa saa. Mzee Issa alikuwa ameshavua kitambaa kichwani.

Baba aliingia ndani. Akatoka na bisibisi, akamnyooshea.

"Toa," alisema. "Toa zote."

Mzee Issa aliitazama ile bisibisi. "Weka. Chuma kwa chuma utaharibu. Nisubiri."

Alirudi na kabari zake za mpingo, zile alizotumia kupasulia magogo, nyingine nyembamba kama ulimi. Kazi ile naikumbuka kuliko sherehe zangu zote za kuhitimu. Alimwagia maji ya moto kwenye lami mpaka ikalegea, akaikwangua kwa kijiti, akachomeka kabari chini ya nikeli, akasukuma kidogo, akahamia mbele kidogo, akarudi, kama mtu anayemfungulia mtoto ngumi akiwa amelala. Mie nilipewa bakuli la kuokotea klipu kwa sababu vidole vyangu vilikuwa vyembamba. Kila klipu ilitoa mlio. Iliyotoka nzima ililia "tik". Iliyovunjika ililia "tak". Baba alisimama ametugeuzia mgongo, na kila "tak" bega lake moja lilipanda.

Chini ya nikeli kulikuwa na kijiji. Tope, kutu, mayai ya mende, sisimizi waliohamia na familia. Na matundu, mstari mzima, kila moja na kipande cha gundi iliyokauka kama ganda la kidonda. Mkanda wa mwisho ulipobanduka, maji ya rangi ya chai yalitoka yakamwagika kwenye miguu yetu.

"Unaona, Mngoni," Mzee Issa alisema, sasa kwa upole. "Maji yalikuwa yanaingia juu kidogo na kutoka chini kidogo, bila makuu. Wewe na lami yako ukayafungia mlango wa kutokea. Yaende wapi? Yakaenda kwa mkeo."

Baba alivua saa, akachukua msasa.

Alisugua kutu siku nzima na kesho yake, misa haikumwona. Aliosha kwa mafuta ya taa, akafuta, akaacha jua liingie mpaka kila tundu likakauka. Alipaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu. Kisha kutoka kwa fundi vioo wa Magomeni ikaja gundi nyeusi ya kubandikia vioo vya magari, na tundu moja baada ya jingine lilijazwa kutoka ndani kwenda nje, likalainishwa kwa kidole kilicholowekwa sabuni. Jioni, Baba aliingia garini peke yake, akakaa kiti cha Mama, akafunga mlango. Tulimwaga ndoo kumi na mbili za maji juu ya paa. Alipotoka alikuwa mkavu. Alikuwa amekaa humo akipapasa kapeti gizani kwa viganja vyote viwili.

Ikabaki nikeli. Klipu nzima zilikuwa chache, hazingeshika hata nusu. Mzee Issa alisema zinaweza kurudi kwa skrubu. "Ila kila skrubu ni tundu," aliongeza. "Chagua."

Baba alizitazama zilivyolala kwenye mkeka. Mama alikuwa barazani akipepeta ule mchele uliomwagika, hakuinua kichwa.

"Ziache," alisema Baba.

Gari lilibaki na mistari ya rangi nyekundu na madoa meusi pale urembo ulipokuwa. Kabla ya Jumatatu kwisha, Mzee Issa alishalibatiza Kibogoyo, na mtaa mzima ukalipokea jina. Watoto walilipigia kelele likipita: "Kibogoyo! Kibogoyo kapita!" Baba alipunga mkono. Mama alikaa kiti chake cha mbele, mbao zimetupwa, miguu yake kavu juu ya kapeti. Masika hiyo haikuisha bila kubanwa kabisa, pumu ni pumu, lakini hakulazwa tena. Kila mvua iliponyesha, Baba alisimamisha gari njiani, akainama upande wa Mama, akapapasa chini ya miguu yake kwa kiganja, akajifuta kwenye suruali, akaendelea na safari. Alifanya hivyo mpaka gari lilipouzwa, na hawakuwahi kulizungumzia jambo hilo.

Alipofariki Baba tulizikuta nikeli uvunguni mwa kitanda, zimefungwa kwenye magazeti. Zilikuwa zinang'aa. Magazeti yenyewe yalikuwa ya miaka tofauti.

Mama sasa ni bibi, ninaishi naye Boko, na anapumua. Anapumua na kunikosoa. Gari langu ni la kisasa, la plastiki nyeusi pande zote, na masika iliyopita likaanza kunuka shimo la viazi. Nilipeleka gereji. Kijana wa pale, visikizi masikioni, alilizunguka mara moja tu. "Hiyo ishu ndogo, maza. Napiga silikoni juu kwa juu, dakika tano." Nikamsimulia habari za kabari na matundu. Alinisikiliza kwa adabu kama mtu anayesimuliwa vita vya Majimaji, kisha akapiga silikoni juu kwa juu. Na mie, mwanamke mwenye shahada mbili na ushahidi wa macho, nikamlipa nikaondoka, kwa sababu nilikuwa na haraka. Bado linavuja. Hakuna wa kuja kulia mbele yake. Geti langu lina kengele na mlinzi.

Mtaa wetu ni mzuri. Kuta zote ni ndefu na zimepakwa rangi, na tuna grupu la simu la majirani lenye kanuni. Ng'ambo ya ukuta wangu anaishi bwana mmoja na mkewe na mtoto mdogo wa kiume. Umeme ukikatika, bwana huyo huwasha jenereta lake jipya, analolipenda sana, naye huliweka chini ya dirisha la chumba cha mtoto ili lisilowe. Moshi unapanda wote mle. Nalisikia jenereta, kisha baada ya nusu saa namsikia mtoto akikohoa. Nimemuuliza mlinzi, kaniambia bwana yule ni Mhehe. Wahehe ni watani wetu tangu enzi za mababu. Nina haki zote. Ningeweza kwenda na gunia na kamba, nikaketi getini kwake nikalia mpaka mtaa utoke nje, na asingeruhusiwa hata kununa.

Jana umeme ulikatika tena. Nilimsikia mtoto. Nilichukua simu, nikaandika kwenye grupu, "Pole jirani kwa mtoto kukohoa," nikaweka na vile viganja viwili vya kusali. Watu kumi na mmoja wameipenda.